Breki za Shupavu

Bwanausi alirudi nyumbani ananuka nanasi. Sabiha alikuwa barazani anachambua mchele wa mkate wa kumimina aliouwekewa oda, akaisikia harufu kabla hajamwona mwenyewe akishuka kwenye pikipiki ya watu. Shati jeupe la kazini lilikuwa limegandia mwilini, suruali imejaa vipande vya majani, na mguu wa kushoto hauna kiatu. Sabiha alitaka kucheka, akidhani mumewe kabeba matunda yakampasukia. Kisha akaiona mikono yake. Ilikuwa bado imekunjwa kama ya mtu aliyeshika usukani.

"Baba Muhidini, kulikoni?"

"Sijaua mtu," alisema Bwanausi. "Hilo ndilo la kwanza ulijue. Sijaua mtu."

Akakaa mkekani. Sabiha akamletea maji, akayanywa yote, akaomba mengine. Ndipo maneno yakaanza kumtoka.

"Tulikuwa tunatoka Kiwangwa, mimi na Bi Hanadi, yule afisa wetu wa mashamba. Pale kwenye mteremko wa kushukia kwenye magenge ya matunda, watoto wa shule wametoka, wamejaa barabara nzima. Nakanyaga breki, pedeli inazama mpaka chini. Nakanyaga tena, hakuna kitu, ni kama nakanyaga tope. Nikapiga honi, nikavuta ya mkono, gari linakwenda tu. Kushoto watoto, kulia watoto. Mbele kidogo naona mafungu ya mananasi ya wale kina mama, yamepangwa kama ukuta, na wenyewe wameshakimbia honi. Nikasema bora niingie humo."

"Na Bi Hanadi?"

"Kavunjika mkono, hapa chini ya kiwiko. Wamemfunga plasta. Yu mzima."

"Na watoto?"

"Hakuna aliyeguswa, Sabiha. Hata mmoja. Walisimama kando wakaanza kugombania mananasi."

Sabiha alisema alhamdulillahi mara nyingi mno hata mumewe akamwambia basi. Alimvua shati, akamchemshia maji ya kuoga. Katika saa ile hakukuwa na neno jingine nyumbani humo ila shukrani. Mtu katoka kazini, karudi mzima. Gari ni bati tu.

Lakini bati lenyewe halikuwa la hivi hivi. Lilikuwa pikapu jipya la kijani lenye herufi za kung'aa nyuma: Shupavu. Lilikuwa limeundwa papo hapo Bagamoyo, kwenye kiwanda kilichojengwa baada ya serikali kutangaza sera ya magari. Nchi iache kuwa jalala la magari waliyoyachoka wengine, yaundwe ya hapa hapa, na kila ofisi na kila mradi wa umma ununue ya hapa kwanza kabla ya kuagiza ng'ambo. Kumi ya kwanza yaligawiwa kwa ngoma na hotuba. Mradi wa Matunda, alikoajiriwa Bwanausi kama dereva, ulipata moja.

Kwa nyumba ya Sabiha, sera hiyo haikuwa habari ya redioni tu. Muhidini, mtoto wao wa pekee, alimaliza chuo cha ufundi akakaa bila kazi, siku nyingine anabeba mizigo stendi, siku nyingine analala mpaka adhuhuri asionane na macho ya watu. Kiwanda kilipofunguliwa, akaajiriwa. Siku Bwanausi alipokabidhiwa funguo za Shupavu, alilileta mpaka mlangoni, baba na mwana wakalizunguka wakilipapasa. "Breki za hili nimezifunga mimi kwa mkono wangu," Muhidini alisema siku ile, na majirani wote wakasikia.

Jioni Muhidini aliporudi kutoka kiwandani na ovaroli lake la bluu, Sabiha ndiye aliyemsimulia, maana Bwanausi alikuwa amejilaza. Kijana alisimama na baiskeli mkononi, hakuiegesha.

"Pedeli ilizama?" aliuliza. "Ghafla? Au kidogo kidogo?"

"Mimi nitajuaje, mwanangu? Cha kushukuru ni kwamba yu mzima."

Usiku ule Muhidini aliugusa wali kwa vidole tu, akausogeza kando. Akasema ana kichwa.

Hazikupita siku nyingi Bwanausi akaitwa ofisini na Bwana Mrisho, mkuu wa usafiri wa mradi. Alikwenda asubuhi amenyoosha nguo, akarudi kabla ya adhuhuri, akakaa uani juu ya kinu kilichopinduliwa. Sabiha alimjua mumewe. Akimwuliza haraka, atasema hakuna kitu. Akaendelea kukuna nazi, akamngoja.

"Hakuniamkia," Bwanausi alisema hatimaye.

"Nani?"

"Mrisho. Yule ni kama mwanangu wa kumzaa. Tangu aje pale hajawahi kunipita bila shikamoo. Leo kaniambia: 'Kaa hapo.'"

Sabiha akasimamisha mkono juu ya mbuzi.

"Anataka niandike maelezo kwamba nilisinzia."

"Ulisinzia?"

"We! Hata wewe?"

"Nakuuliza tu, Baba Muhidini. Usinikasirikie. Ulisinzia?"

"Wallahi sikusinzia. Nilikuwa namsimulia Bi Hanadi habari za Lugoba ya zamani, anacheka." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mrisho anasema mwisho wa mwezi wanakuja wageni wakubwa kufungua sehemu ya pili ya kiwanda. Gari halijakaa hata miezi minne barabarani. Nikisema breki, kesho magazeti yataandika gari la kwetu ni bovu, na waliokuwa wanasema hatuwezi watapata la kusema. Nikisema nilisinzia, basi ni mzee mmoja tu aliyesinzia. Habari imekwisha."

"Nawe ukamjibuje?"

"Nikamwambia sikusinzia. Akasema: 'Mzee, hata mimi nina wakubwa zangu.' Nikikubali, nitapewa onyo na kuhamishiwa kupeleka barua ofisini mpaka nistaafu. Nikikataa, watachunguza, na uchunguzi una mambo yake. Halafu akaniuliza..."

"Akakuuliza nini?"

"'Hivi kijana wako bado yuko kule kwenye kufunga breki?' Basi, hivyo tu. Kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia hali ya nyumbani."

Sabiha alihisi nazi imekuwa nzito mkononi. Aliiweka chini kwenye sinia.

"Nitasaini Jumatatu," Bwanausi alisema. "Na Muhidini asijue. Umenisikia, Mama Muhidini? Mtoto kaipata kazi kwa shida. Mimi nimebakisha kidogo, yeye ndio anaanza. Asijue."

Sabiha alijibu kwamba amesikia. Hakusema kwamba amekubali.

Maneno ya mji hayakungoja Jumatatu. Nani aliyeyatoa ofisini hakujulikana, ila Jumamosi Sabiha alipopeleka mikate kwa Bi Samia, jirani yake wa mtaa wa pili aliyekuwa na shughuli ya kumtoa mwari, alikuta yamemtangulia. Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini. Alipoingia wakanyamaza wote, kisha wakaanza kuongea kwa pamoja, kila mmoja kwa sauti kubwa kuliko mwenzake.

"Pole na yaliyowafika," Bi Samia alisema akipokea mikate. "Mzee macho hayamsumbui lakini? Mumeo ungempeleka akapimwe. Umri huu, usingizi huja wenyewe."

"Macho yake mazima, dada."

"Inshallah. Sisi tunamwombea tu. Maana watoto wale, loo, Mungu alisimama."

Hakukuwa na ubaya kwenye sauti ya Bi Samia, na hilo ndilo lililomwuma Sabiha zaidi. Walishaamini. Hawakuwa wakimsengenya, walikuwa wakimwonea huruma.

Aliporudi alimkuta Bwanausi anatoka, amevaa kanzu na kofia, anakwenda kuswali alasiri. Wakapishana mlangoni. Pale pembeni palikuwa na vijana wanaopenda kukaa juu ya magogo wakicheza karata. Bwanausi alipowapita, mmoja wao akakoroma. Mkoromo mrefu, wa kuvuta, kama wa mtu aliyeshiba. Wenzake wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Bwanausi hakugeuka. Alitembea hatua chache, akasimama kama aliyesahau kitu, kisha akarudi nyumbani, akampita Sabiha, akaenda kuswali chumbani peke yake.

Sabiha alibaki mlangoni na sinia tupu. Aliwatazama wale vijana mpaka wakaacha kucheka.

Jumapili alioka mkate mmoja ambao haukuwa wa oda, akaufunga kwenye kitambaa, akaenda kumpa pole Bi Hanadi. Hanadi alikuwa binti wa watu wenye asili ya Oman waliouza vitambaa mjini tangu enzi za babu zao. Alikuwa msomi wa kilimo, na wafanyakazi wenzake walimpenda kwa sababu alikula walichokula. Alimpokea Sabiha mwenyewe, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa mtandio.

"Shikamoo mama. Jamani, umejisumbua."

"Marahaba mwanangu. Si usumbufu. Maumivu yanaendeleaje?"

Wakaulizana hali, wakanywa kahawa ya tangawizi na halua. Sabiha alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, lakini yalipotoka hayakuwa yale aliyoyapanga.

"Mwanangu, mimi sikusoma. Nataka uniambie kitu kimoja na usinifiche. Mume wangu alisinzia?"

Hanadi alimtazama kama hakuelewa lugha. "Alisinzia? Nani kasema? Mama, mzee alikuwa ananichekesha. Ghafla akasema, 'Bi Hanadi, shika!' Nikamwona anakanyaga, anakanyaga, goti linapanda linashuka. Kama si yeye kukata usukani..." Akaufumba mdomo kwa mkono mzima. "Wale watoto, mama. Bado nawaota."

"Umewaambia hivyo ofisini?"

Hapo Hanadi akainamisha macho kwenye kikombe.

"Sijaulizwa," alisema. "Wameniambia nipumzike tu mpaka plasta itolewe. Nilidhani mzee ameshaeleza mwenyewe. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, mama, nami... sikutaka kujipeleka."

"Sikulaumu."

"Lakini wakiniuliza, nitasema. Wallahi nitasema."

"Basi mimi nimeshakuuliza," Sabiha alisema, akainuka, akajifunga vizuri mtandio wake.

Njiani kurudi alikuwa mwepesi kidogo kuliko alivyokwenda. Alimwamini mumewe tangu mwanzo, naam. Lakini kuamini ni kitu kimoja, na kulisikia kwa kinywa cha mwingine ni kitu kingine.

Alfajiri ya Jumatatu, Bwanausi alipokuwa bado kwenye nyiradi zake baada ya swala, Sabiha alimfuata Muhidini uani. Kijana alikuwa anajaza upepo baiskeli. Amekonda usoni kwa siku hizo chache, na ovaroli lilimpwaya mabegani.

"Baba yako leo anakwenda kusaini kwamba alisinzia," Sabiha alisema bila kuzunguka. "Kanikataza nisikwambie. Anasaini kwa ajili yako."

Muhidini aliuacha mpini wa pampu. "Kwa ajili yangu?"

"Wamemwuliza kama bado unafunga breki."

Kijana akachuchumaa palepale kando ya gurudumu, akashika kichwa. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi.

"Mama, nilizifunga mimi. Kila usiku nafungua kila nati kichwani mwangu, naifunga tena. Sioni nilipokosea. Lakini pengine nilikosea. Pengine nusura nimwue baba yangu kwa mikono yangu, na watoto wa watu. Nilingoja baba aseme ni breki, ili waniite. Hakuna aliyeniita. Kila siku naingia pale nafunga nyingine."

"Kwa hiyo umekaa kimya."

"Nimeogopa. Nikifukuzwa pale, nirudi wapi? Stendi?"

Sabiha aliketi kwenye kinu. Alimhurumia kiasi cha kutaka kumwambia basi, nenda kazini, baba yako ameshaamua. Ingekuwa rahisi. Wangeishi. Watu wamesingiziwa makubwa kuliko usingizi na wakaishi.

"Yale mengine tisa yako wapi?" aliuliza.

"Magari?"

"Yalitoka kumi. La baba yako limelala Kiwangwa. Mengine yako wapi?"

Muhidini alianza kuhesabu kwa sauti ndogo. Moja liko misitu. Mawili yako Chalinze. Moja limepelekwa Saadani, linabeba wagonjwa. Alipofika kwenye la Saadani, akaacha kuhesabu.

"Baba yako akisaini leo," Sabiha alisema, "nani atayaangalia hayo tisa? Dereva kasinzia, gari zima. Hakuna atakayefungua hata boneti moja. Mimi sijui kama ni mkono wako au si mkono wako, mwanangu. Kama ni wako, tutalia, tutasimama. Lakini usiache mama wa mtu apakiwe kwenye lile la Saadani na wewe unajua."

Muhidini alisimama. Hakunywa chai. Alipanda baiskeli, akatoka na ile pampu imeanguka uani, na Sabiha hakuweza kujua anakwenda kusema au anakwenda kufunga nati kama siku zote.

Sabiha alimsindikiza Bwanausi ofisini. Bwanausi alikataa, kisha akaacha kukataa. Walikalishwa kwenye benchi la nje, karibu na matangi ya maji, wakapitwa na watu ambao zamani wangesimama kuwasalimu. Dereva mmoja kijana alikuja, akasema ametumwa kuchukua funguo za akiba na kofia ya mradi. Bwanausi akaivua kofia, akaikunja, akampa. Kichwa chake kilikuwa na alama ya kofia kuzunguka nywele zake nyeupe, na Sabiha akatazama pembeni.

Mara kadhaa alifungua mdomo amwambie mumewe kwamba mtoto anajua. Kila mara akaufunga. Akimwambia, atakimbilia kiwandani kumzuia.

Wakaitwa ndani. Bwana Mrisho alikuwa na karatasi tayari imechapwa. Hakuwa mtu mbaya, Sabiha aliliona hilo, maana alikuwa anatokwa jasho na feni iko juu ya kichwa chake. Alizungusha kalamu vidoleni, akaisukuma mbele.

"Soma kwanza, mzee."

"Nisome nini?" alisema Bwanausi. "Si nimesinzia?"

Akatia saini. Aliandika jina lake lote, taratibu, kwa mwandiko wa shule za zamani. Kisha akauliza kama anaweza kwenda. Mrisho alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze alionekana kutaka kusema kitu chake mwenyewe, lakini akaishia kusema, "Haya, mzee. Pumzika nyumbani."

Walirudi kwa miguu. Njia nzima Sabiha alikuwa akisikiliza, kama anayetarajia kuitwa.

Baada ya alasiri, gari lilisimama mlangoni. Halikuwa Shupavu, lilikuwa gari kuukuu la kiwandani lililokuwa likifuka moshi. Akashuka Muhidini. Akashuka mtu mnene mwenye miwani, amevaa ovaroli kama la Muhidini ila lina jina kifuani: Himid. Alikuwa injinia wa ukaguzi kiwandani. Wa mwisho kushuka alikuwa Bwana Mrisho, na alishuka polepole.

Bwanausi alipomwona mwanawe katikati ya watu hao, alinyanyuka mkekani akashika nguzo ya baraza.

"Shikamoo mzee," alisema Himid, akavua viatu, akakaa chini kabla hajakaribishwa kiti. "Nimekuja kukuuliza jambo dogo. Ile pedeli ilizama ghafla, au ililegea kwanza?"

Bwanausi alimtazama Mrisho. Akamtazama Muhidini.

"Nilisinzia," alisema Bwanausi. "Nimeshaandika. Mwulizeni Bwana Mrisho, karatasi anayo."

"Mzee, karatasi nimeiona. Ndiyo maana nimekuja."

"Nilisinzia, mwanangu. Uzee. Gari halina kosa, na aliyelifunga hana kosa."

Ndipo Muhidini akapiga magoti mbele ya baba yake, kama alivyokuwa akifanya udogoni akitaka kusomewa dua.

"Baba, nimeshawaambia. Nimewaambia asubuhi kwamba breki nilifunga mimi, na kwamba wewe hukusinzia, hujawahi kusinzia. Kama kosa ni langu, wameshalijua. Hakuna kilichobaki cha kunifichia. Sema, baba."

Bwanausi alikaa chini mbele ya mwanawe. Akaanza kusema. Alisema yote: kwamba asubuhi pedeli ilikuwa ngumu kama kawaida, kwamba walizunguka mashamba mchana kutwa kwenye jua kali, kwamba kabla ya mteremko aliikanyaga mara mbili akaiona imekuwa laini, akadhani ni mguu wake umechoka. Himid alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ikishapata joto," alisema. "Hivyo ndivyo nilivyohofia. Mzee, leo tumefungua magari yaliyoko uwanjani kwetu. Ile mipira inayopitisha mafuta ya breki, iliyoletwa kutoka ng'ambo kwa ajili ya yale kumi na haya yanayofuata, ni mibovu. Inavimba kwa ndani. Gari likipata joto na mzigo, inaachia. Nimezikagua nati alizofunga kijana wako moja moja. Hazina kasoro. Alichopewa akifunge ndicho kilichokuwa kibovu."

Muhidini hakuinuka pale alipopiga magoti. Alilaza kichwa kwenye paja la baba yake, na Bwanausi akaweka mkono juu yake, wala hakujali kuna wageni.

"Na la Saadani?" Sabiha aliuliza kutoka mlangoni.

Himid akageuka. "Wewe ndiye mama? Kijana alikuja kwangu hata getini sijaingia vizuri, neno lake la kwanza lilikuwa hilo. Tumelipigia simu la Saadani kabla ya yote. Lilikuwa limeshapakia mzazi, linawashwa lije huku. Wamemhamishia gari jingine, kajifungua salama. Walipolitazama lile, gurudumu la mbele lilikuwa limelowa mafuta. Yote tisa yamesimamishwa."

"Na wageni wenu wa mwisho wa mwezi?"

"Wataambiwa wangoje, mama. Mimi mwenyewe nimepiga simu Dodoma, nimefokewa mpaka sikio limepata moto." Akacheka kidogo. "Tukilificha la kwanza, nani atanunua la pili?"

Bwana Mrisho alikohoa. Hakuwa amekaa. "Ile karatasi, mzee... tutaibadilisha. Kesho au keshokutwa, nikishaongea na..."

"Si kesho, baba," alisema Sabiha. Hakupandisha sauti. "Kalamu unayo mfukoni, naiona. Ibadilishwe sasa, hapa, mimi nikiona. Na Bi Hanadi aulizwe. Amevunjika mkono na hakuna mtu wa ofisini kwenu aliyemwuliza kilichomvunja."

Mrisho alitazama chini, kisha akavua viatu, akapanda barazani. Aliandika akiwa ameegemeza karatasi kwenye goti, Bwanausi akisema na yeye akifuata. Alipomaliza alimpigia Hanadi palepale, na sauti ya Hanadi ikasikika mpaka mlangoni ikisema, tena kwa furaha, "Ndiyo, hatimaye nimeulizwa!" Ile karatasi ya asubuhi Mrisho akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni mwake. Msamaha hakuomba. Ila alipokuwa anavaa viatu alisema, akiwa ameinama, "Shikamoo, mzee," na Bwanausi akamwitikia marahaba.

Si kila kitu kilirudi kama kilivyokuwa. Kiwanda kilitangaza redioni kwamba magari kumi yarudishwe yabadilishwe mipira, na kwa wiki mbili watu walipata mzaha wa kuchekea vijiweni. Wapo mpaka leo wanaosema yule mzee alisinzia tu, injinia kamkingia. Wakubwa waliokuwa waje walikuja mwezi uliofuata, wakahutubia kama kawaida, wala hakuna aliyemtaja Bwanausi. Lakini kiwandani waliamua kwamba hakuna gari litakalotoka tena bila kupakiwa mzigo na kushushwa miteremko kwenye jua la adhuhuri, na Muhidini akawekwa kwenye kikundi cha kufanya kazi hiyo. Mkataba wa Hanadi uliongezwa. Bwanausi alirudishiwa kofia yake, akaanza tena kuswali msikitini, safu ya mbele.

Siku aliporudishiwa Shupavu, alilileta nyumbani mchana, Muhidini amekaa kando yake. Majirani wakatoka. Bi Samia alikuja kulishika bodi, akasema ni zuri kuliko mwanzo, ingawa rangi ilikuwa ile ile. Watoto wakapanda nyuma, wakashushwa, wakapanda tena. Bwanausi akaingia ndani kumwita mkewe aje aone.

Alimkuta jikoni, amekaa sakafuni karibu na jiko lililozimika, uso ameufunika kwa khanga, mabega yanatikisika. Katika siku zote zile hakuwa amemwona akitoa chozi.

"Mama Muhidini! Sasa unalia nini? Mambo si yamekwisha?"

"Ndiyo maana," alisema Sabiha. "Niache kidogo."

Nje honi ya Shupavu ililia, watoto wakashangilia. Bwanausi alirudisha mlango taratibu, akakaa sakafuni kando ya mkewe, akamngoja amalize.